Kiuno cha Hezekias

Enok hakulia nduguye Hezekias alipopotea baharini. Aliendelea kuchonga kayaki ndogo za mfano, ile mitumbwi yetu ya ngozi ya mtu mmoja, zile anazowauzia mabaharia wa meli ya mizigo inapofika hapa Upernavik, kwetu kaskazini kwenye barafu. Chai alikunywa, habari za barafu aliuliza. Mimi, mzee nisiye na kazi, nilikuwa nampitia kila asubuhi nikae kwenye sanduku lake la makaa. Nikimpa pole, ananijibu "asante" kana kwamba nimempitishia sukari.

Mwili haukuonekana. Mjane, Tabitha, akamwomba amtengenezee kayaki ya mumewe, ndogo, aiweke mbele kanisani Jumapili. Ibada ya kumuaga mtu bila jeneza inataka kitu cha kutazama.

Kayaki kwetu hukatwa kwa mwili wa mwenyewe, kama nguo: urefu pima tatu za mikono yake, tundu la kukalia upana wa nyonga zake. Kwenye mfano pima inakuwa shibiri, yaani sehemu ya nane, basi. Enok akachonga mbavu kwa mti ulioletwa na maji, akaivika ngozi ya sili, akamwita shemejiye.

Tabitha akaigeuzageuza. "Hii yako, shemeji."

"Yangu vipi?"

"Tundu hili Hezekias angeingiza mguu mmoja. Si we mwenyewe ulikuwa unamcheka makalio?"

"Nilimwambia siku akikwama tutamtoa kwa msumeno," Enok akasema. Hakucheka. Mikono ilikuwa imekwenda kwa mazoea yake, ikampima Enok mwenyewe.

Tabitha akaenda nyumbani, akarudi na suruali ya marehemu, ile ya ngozi. Akaitandaza mezani.

"Haya, pima. Na usimpunguze."

Enok akalaza uzi juu ya suruali, nyonga hadi nyonga, akaukunja sehemu nane. Akafumua ngozi, akang'oa mbavu, akaanza upya. Safari hii ikatoka pana hadi inachekesha.

Jumapili bibi Bolethe, mkunga aliyewapokea ndugu wote wawili, akasogea mbele, akainama, akaitazama. "Ehee," akasema kwa sauti, "huyu ndiye!" Kanisa zima likacheka. Halafu kina mama wakaanza kulia, na Tabitha naye, kwa mara ya kwanza.

Nikamgeukia Enok, nikamnong'oneza, "Na wewe je?"

"Nilikuwa natazama ule mshono wa nyuma wa kayaki," akasema. "Umekaza vizuri."

Tulipotoka akaniuliza kama nimesikia meli inakuja lini.