Shimo la Makumbi la Bibi

Usiku wa kuamkia leo nililala na mwanangu Salma kifuani, anajikuna. Vidonda vilimtoka miguuni tangu alipocheza ufukweni, pale bomba la kiwanda linapomwaga maji machafu. Leo asubuhi kuna mkutano na meneja, na mimi nilishaapa siendi. Mikutano mitatu, soda tatu za meneja, bomba bado linamwaga.

Usingizi uliponichukua nikamwona Bibi yangu, aliyefariki mwaka jana. Maji ya bahari yametoka, kakaa mchangani, miguu kainyoosha, anaponda makumbi ya nazi kwa kigongo chake apate usumba wa kusokota kamba. Pu, pu, pu. Mlio ule ndio ulionilea.

"Mke mwenzangu," akaniita kwa utani wetu wa siku zote, "umekonda! Kwa babu yako huku huna soko."

Nikacheka, nikataka kumkumbatia. Kila nikipiga hatua, mchanga unasogea naye. Mara tuko jikoni kwake, ananisuka. Nasikia vidole vyake kichwani, harufu ya mafuta ya nazi na moshi. Namwomba asuke polepole, asimalize.

"Shimo langu umelifukua?"

Kwetu kila mwanamke ana shimo lake ufukweni, kaliwekea mawe yake. Humo hufukia makumbi miezi na miezi mpaka yalainike. Akifa, mjukuu wake ndiye anayeyafukua. La Bibi sikuligusa. Niliyaogopa yale maji.

"Nimelifukua, Bibi," nikadanganya.

Hakunigombeza. Ananionyesha viganja vyake: vyeusi, vinanata, vinanuka dawa za kiwandani. Naviosha kwa maji ya kisima, nasugua, nasugua, havitakati.

"Unahangaika bure," anasema. "Uchafu huu una wenyewe. Wapelekee."

Nikaamka. Nikapapasa kichwa nikitafuta mistari yake. Nywele timutimu, hakuna aliyenisuka. Nililia hapo, sifichi.

Maji yalipotoka nikaenda kulifukua shimo lake. Makumbi ya Bibi yametoka meusi tii, yananuka vilevile kama viganja vyake. Nimeyajaza kikapuni, na Salma nimemfunga mgongoni. Mkutano ni saa nne. Nitayamwaga mezani kwa meneja na kigongo cha Bibi nimpe mkononi: aponde yeye, tuone viganja vyake.

Soda abaki nayo.