Marehemu Aliyeandika Kuliko Wote

Mkutubi wa taasisi ya utafiti wa udongo alikuwa na heshima iliyopita kiasi, na heshima hiyo ndiyo iliyomponza. Wenzake walimwita Bi Kadi, kwa sababu alianza kazi enzi za kadi za karatasi, na hata kompyuta ilipoletwa aliendelea kuiita droo. "Subiri nifungue droo," alikuwa akisema, kisha anakaa kuisubiri iwake huku akiipangusa vumbi kwa ncha ya mtandio.

Humo, katika kanzidata ya zamani yenye maandishi ya kijani kwenye kioo cheusi, aliingiza kila kitabu, ripoti na makala kuhusu udongo iliyopita mikononi mwake. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, hakuthubutu kumwandika mtu mzima jina tupu. Profesa alikuwa Profesa, Daktari alikuwa Daktari, na hata yule aliyeandika kurasa chache tu kuhusu mifereji alipewa Mhandisi wake kamili. Mwandishi akifariki, Bi Kadi hakutoka mazishini akaenda kupumzika. Alipitia ofisini kwanza, akafungua rekodi zote za mtu huyo, akatanguliza neno "Marehemu". Watu walitania kwamba hujafa rasmi mpaka Bi Kadi akuingize.

Alipokaribia kustaafu, mkurugenzi aliagiza marejeo yote yahamishiwe kwenye programu mpya. Kompyuta ya zamani ilikuwa ikikoroma na kuzimika yenyewe, na siku ikizimika moja kwa moja ingeondoka na kazi yake yote. Hilo lilimnyima Bi Kadi raha. Hakuwa na shamba wala duka la kujivunia. Alichokuwa nacho ni zile rekodi, na alitaka kuzikabidhi zikiwa nzima.

Kazi hiyo alipewa fundi wa kompyuta wa taasisi, mtu mzima mwenye kitambi na maneno mengi, ambaye pia alikuwa mdogo wa mume wa Bi Kadi. Mume mwenyewe alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita, lakini ushemeji ulibaki palepale, na utani wao haukujua likizo.

"Mimi katika kuhamisha nina sheria moja," fundi alisema akivuta kiti. "Kilichofika salama hakiguswi. Tunashughulika na vilivyovunjika tu."

"Vyangu havivunjiki," Bi Kadi akajibu.

Faili likatolewa upande huu, likaingizwa upande ule. Fundi akatazama kioo, akavua miwani, akaivaa tena.

"Shemeji, huyu Marehemu ni nani?"

"Marehemu yupi?"

"Huyu hapa. Ameandika kuhusu mmomonyoko, chumvi, mbolea, mpaka minyoo. Nusu ya maktaba ni yake. Alikuwa analala saa ngapi mtu huyu?"

Bi Kadi akainama kusoma. Programu mpya, isiyojua adabu, ilichukua neno la kwanza ikadhani ndilo jina la ukoo la mwandishi. Kwa hiyo Marehemu akawa bingwa wa kila jambo, Profesa akimfuata kwa karibu, na Daktari nyuma yao. Mtafiti akimtafuta mtu kwa jina lake halisi, asingempata.

"Ni amri moja tu," fundi alisema. "Nafuta vyeo vyote kwa mpigo, kila mtu anabaki na jina lake."

"Unataka nimwite mwalimu wangu jina tupu, kama nilicheza naye gololi?"

"Amefariki, shemeji. Hatasikia."

"Mimi nitasikia."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe fundi alimwambia wazi kwamba akiziacha rekodi vile, watafiti watakaokuja hawatazitumia, na kazi yake yote itazikwa pamoja na heshima zake. Hilo lilimwingia. Wakakubaliana kwamba vyeo vihamie kwenye sehemu ya maelezo, chini ya kila rekodi, na neno Marehemu liende hukohuko. Juu libaki jina peke yake.

"Haya, fanya," alisema, akageukia dirishani kama mtu anayechomwa sindano.

Fundi akabofya. Marehemu na ubingwa wake wakatoweka, na wenye kazi zao wakajitokeza, kila mmoja kwenye herufi yake. Bi Kadi akaanza kuwasoma kwa sauti ndogo kama mwenye nyumba anayepokea wageni. Alifurahi, tena alifurahi kweli, ingawa hakutaka shemeji yake alione hilo.

Ikabaki kuhakiki rekodi ambazo amri haikuzigusa.

"Hawa hawakuwa na cheo tangu mwanzo," fundi alisema. "Naona ni watu wa mbali, ambao hukuwajua…" Akasogeza uso karibu na kioo.

Katikati ya wageni hao alikuwepo kaka yake fundi, mume wa Bi Kadi. Alikuwa mpima udongo wa kawaida, aliyeandika ripoti moja fupi maishani mwake, na siku alipoileta maktaba kwa madaha, mkewe alimwingiza bila cheo chochote. "Cheo chako utakikuta nyumbani," alimwambia mbele ya watu, na wote wakacheka, yeye kuliko wote.

"Kaka amehama bila tatizo," fundi alisema. "Lakini hana Marehemu. Ulimsahau?"

Bi Kadi hakuwa amemsahau. Baada ya mazishi alipita ofisini kama kawaida yake, akafungua rekodi, akakaa mbele yake mpaka mlinzi akaja kufunga milango. Kesho yake alijaribu tena, na kesho kutwa pia. Kisha akaacha kujaribu, maana wengine wote aliweza kuwaandikia neno lile, ila huyu alimpenda mno.

Fundi akapeleka mshale kwenye sehemu ya maelezo. "Ni neno moja tu, shemeji. Nikuandikie?"

Bi Kadi akaweka mkono wake juu ya kipanya.

"Si ulisema mwenyewe kilichofika salama hakiguswi?"

"Nilisema."

"Basi mwache."

Fundi akaifunga rekodi ya kaka yake kama ilivyokuwa, wakaendelea na aliyefuata.