Msiba Nilioupeleka Makumbusho

Tulipomaliza kumzika mwanangu nilidhani kila aliyestahili kuambiwa ameshaambiwa. Siku chache baadaye binti yangu, karani wa chuo kimoja huko Iringa, akanipigia simu akasema kuna watu wengine bado hawajui. Nikamwuliza wanakaa wapi. Akasema hawakai mahali, wako kwenye kompyuta.

Marehemu alikuwa dereva. Lori lilipinduka naye kwenye mteremko, akabaki hana nguvu kuanzia kiunoni kwenda chini. Nilimchukua kwangu, mtaa wa Soweto hapa Mbeya, nikawa namwogesha na kumgeuza mchana na usiku mgongo usije ukaoza, mpaka alipokata roho. Kompyuta alipewa na dada yake. Alikuwa anaiweka kifuani, anaziba masikio na vile vya kusikilizia, anacheka na watu nisiowaona. Niliona heri acheke. Sikuuliza.

"Nitawaandikia ujumbe tu," binti akasema.

"Kifo hakitumwi hivyo. Mtu anafuatwa alipo, anakalishwa, anaambiwa."

"Mama, kule hakuna kwenda."

"Si umesema wako huko? Basi tutakwenda."

Nikapandia basi Uyole kwenda kwake Iringa. Jumapili, tulipotoka kanisani, akaiweka ile kompyuta ya kaka yake mezani, maana aliondoka nayo baada ya mazishi. Akanieleza kwamba humo mna dunia nzima ya kuchorwa, watu wanaingia kutoka popote, kila mmoja na mwili wake wa kuchorwa, na kaka yake alikuwa na wenzake kwenye makumbusho. Makumbusho ninayoyajua mimi yanaweka mikuki na vyungu vya wazee. Haya yanaweka vitu vya kwenye hadithi za sayansi, ambavyo bado havijakuwepo: vyombo vya kwenda kwenye nyota, watu wa chuma, nyumba za chini ya bahari. Nikamwuliza kitu ambacho hakijakuwepo kinakumbukwaje.

"Mama, tuingie tu."

Kompyuta ilikuwa bado inamjua mwenyewe, ikatuingiza kwa mwili wake. Hilo sikuambiwa mapema. Nikaona kijana mrefu, koti jeusi, amesimama wima. Binti akabonyeza, akaanza kutembea. Niliitazama ile miguu tu. Vyombo vya nyota vilikuwa vimening'inia huko juu, sikuvitazama.

Tukafika kwenye ukumbi. Mwanamke mwenye nguo za kung'aa kama sufuria mpya akaja mbio, na mwanamume mmoja nyuma yake.

"Mrefu! Umepotea wewe. Tukasema umeoa, mke amekuficha."

"Aoe nani?" yule mwanamume akasema. "Nani atamvumilia na vyuma vyake?"

Wakacheka. Binti alikuwa anahangaika kutafuta pa kufungulia sauti, kwa hiyo tulisikia bila kusikika. Yule mwanamke akasema njoo uone, kitanda chako ndicho kinawaleta wageni siku hizi. Tukamfuata.

Kilikuwa chumba cha peke yake. Kitanda cheupe, na mikono ya chuma pande zote. Mikono ilikuwa inamwogesha mtu wa sanamu, inamlaza ubavu wa kushoto, inamwekea mto katikati ya magoti, inampaka mafuta mgongoni. Ilikuwa kazi yangu, kama ninavyoifanya, hakuna alichosahau mwanangu alipokitengeneza.

"Kila mgeni namweleza kama ulivyonifundisha," mwanamke akasema. "Hiki ni kitanda cha mgonjwa asiye na mtu."

Binti akanigeukia. Nikamwambia, "Tafuta hicho kitufe."

Alipokipata nikasema, "Hamjambo humo."

Mwanamume akacheka. "Leo umekuja na sauti ya bibi."

"Usicheke. Kaeni chini kwanza, nyote wawili."

Wakakaa sakafuni. Mwanamke akasema shikamoo, nikaitikia.

"Mimi ni mama wa mwenye mwili huu."

Yule mwanamke akasimama tena. "Mama yake alishafariki, alituambia mwenyewe. Wewe ni nani? Umepataje kuingia kwa jina lake?"

Binti alitaka kusema, nikamshika mkono kwa nguvu. Kwetu mfiwa hatembezi habari ya msiba wake. Mama anakaa kwenye mkeka, anatumwa jirani. Mimi nilikuwa nimeuacha utaratibu huo kwa sababu hakukuwa na jirani anayejua njia ya kufika humo. Nikaona niurudie.

"Nimesema vibaya," nikamwambia. "Mimi ni jirani, nimetumwa. Kaa."

Akakaa.

"Mwenzenu amefariki. Ameumwa muda mrefu. Tumemzika Mbeya, watu walijaa, mchungaji alikuwepo."

Sauti zao zilivunjika, lakini nyuso za kuchorwa zilibaki vilevile, zimetabasamu. Hilo lilinikera kuliko mengine yote. Mwanamume akasema hawakujua hata kama anaumwa, maana hapo yeye ndiye alikuwa wa kwanza kupanda ngazi. Mwanamke akauliza:

"Jirani, kulikuwa na mtu wa kumuuguza?"

"Alikuwepo."

"Nani?"

"Mtu wa nyumbani."

"Alimtunza vizuri?"

Binti alikuwa analia, ameziba mdomo kwa kitenge. Nilimwachia mkono.

"Hilo angelijibu yeye," nikasema. "Mimi nimetumwa kuwaambia tu."

Nikawapa pole. Wakanishukuru kwa kuwafikia. Nikamwambia binti azime.

"Mama, ungewaambia," akasema. "Ungewaambia ni wewe."

"Nimewaambia kilichonipeleka. Inuka, unawe uso."