Kobayi wa Mama na Viroboto wa Kibua

Jana jioni jirani yangu wa nyuma ya ukuta wa mbao alichoma majani ya muravumba ili kufukuza mbu. Moshi ukapita kwenye nyufa bila kubisha hodi, ukanikuta nimeketi na sahani ya maharage magotini. Muravumba ukishaunusa mara moja huwezi tena kuukosea: ni mkali, mchungu, na nyuma ya uchungu huo kuna utamu kidogo, kama dawa ya kikohozi iliyomwagikia kitenge cha mwanamke mzee. Nikaweka sahani chini. Watoto wangu wakaanza kunicheka, "Mama analia!" Nikawajibu kwamba iko moshi tu, nani halii kwa moshi? Lakini ninyi mnaosoma si watoto wangu, kwa hiyo naweza kuwaambia ukweli. Si moshi ulioniliza. Nilikuwa nimemwona Koko, ameinama kwenye sakafu ya nyumba ya watu kule Kibua, akipigana na viroboto.

Koko alikuwa mama wa mama yangu. Ndiye aliyenilea baada ya Mama kufariki, kwetu Nyamitaba, katika mvua zile zilizoozesha viazi shambani. Mama hakuacha vitu vingi. Kitenge kimoja tulimzika nacho, kingine nilikivaa mpaka kikawa wavu wa kuvulia samaki. Kilichobaki hasa ni kobayi wake. Kwa asiyewajua: kobayi ni mnyama mdogo asiye na mkia, mkubwa kama kiatu cha mtoto wa shule, anayeishi jikoni karibu na mafiga na kulia kwii-kwii akisikia nyayo za mtu anayemlisha. Kwetu karibu kila jiko lina kobayi. Mgeni akifika, kobayi anapikwa. Mtoto akipona ugonjwa, anapikwa. Na vita vikija anabebwa, kwa sababu ng'ombe haingii katika kikapu.

Wa Mama walikuwa weupe wenye doa la kahawia begani. Mmoja, jike mnene kupita kiasi, nilimpa jina la Madamu, kwa sababu alitembea kama mwalimu wetu wa darasa la pili: tumbo linatangulia, miguu inafuata kwa heshima. Mama alikuwa amewalisha wale kwa mkono wake. Mimi, kwa akili zangu za kitoto, niliona kwamba mkono ule bado uko ndani yao mahali fulani.

Siku vita vilipopanda kilima chetu, watu walibeba magodoro na masufuria. Mzee mmoja alibeba mlango wa nyumba yake, na kama sasa hajautua, basi bado anatembea nao. Koko alibeba kikapu cha kobayi kichwani na vipande vya muravumba katika pindo la kitenge, akanishika mkono. Tulitembea mpaka nikaamini kwamba dunia yote ni matope, na kwamba hata mbinguni watu wanavuka mito kwa miguu. Milima ikaisha, msitu ukaanza, joto likatuvaa kama koti la mtu mwingine. Tukafika Kibua.

Mama Riziki alitukuta kwenye baraza la kanisa. Aliangalia miguu ya Koko, hakuuliza kabila wala kijiji, akasema tu: "Mama, simama, twende." Hilo sitalisahau, na ninawaomba nanyi mlikumbuke katika yote nitakayosema juu yake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono mingi. Mumewe, Papa Kubuya, alikuwa mwindaji, na mtoto wao Riziki alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutambaa. Walitupa nusu ya nyumba, ile yenye moto, iliyotenganishwa na yao kwa mikeka.

Kulikuwa pia na Mersi. Mersi alikuwa mbwa wa Papa Kubuya, mwekundu, masikio wima, mwembamba kama deni la maskini. Aliitwa hivyo kwa sababu Papa Kubuya alipewa kama shukrani baada ya kumpelekea mtu paja la nguruwe wa msitu. Shingoni alivaa njuga ya mti iliyolia ngo-ngo-ngo, ili bwana wake amsikie ndani ya msitu. Alilala sebuleni, alikula kabla yetu, na wanawake hawakuruhusiwa kumgusa. Ilikuwa desturi ya wawindaji wa kule: mkono wa mwanamke ukipita juu ya mbwa wa kuwinda, nyama inamkimbia. Wala haikuruhusiwa kumpaka kitu chenye harufu. Papa Kubuya alisema, "Mbwa akinuka jiko, wanyama wanamucheka."

Viroboto walianza tulipokuwa tumezoea nyumba. Jamani, viroboto wale! Wa Nyamitaba ni wa baridi, wanauma kwa aibu. Hawa wa msituni walikuwa na vyeo. Mmoja aliniuma kisigino asubuhi, na kufikia saa sita nilikuwa nimefundishwa kucheza ngoma zote za wilaya ile ya Walikale. Riziki mdogo alijaa vidoa vyekundu tumboni, analia, anakataa titi.

Mama Riziki aliinua mkeka wetu, akaona kikapu, na nyasi ambazo Koko aliwaletea kobayi kila asubuhi, na Madamu anayetafuna bila wasiwasi. "Mbele mufike," alisema polepole, "hii shida haikukuwaka hapa."

Koko aliinamisha kichwa. "Pole, mwanangu."

Papa Kubuya alikuwa na dawa yake. Aliitoa juu ya dari: unga mweupe ndani ya plastiki, hauna jina wala maandishi, ule ambao wachuuzi waliuza wa kuweka katika maharage ya mbegu. Alitaka kuumwaga sakafuni kote na kuufagilia chini ya mikeka. Koko alipiga magoti mbele yake, na hapo nikaona kitu kimekaa vibaya, maana kwetu Koko hakumpigia mtu magoti isipokuwa Mungu, na hata huyo si kila siku.

"Baba, ile dawa haina macho," alisema. "Haijue huyu iko kiroboto, huyu iko kobayi, huyu iko kifaranga, huyu iko Riziki mwenye kulamba kila kitu. Niache kwanza nijaribu yangu."

"Viroboto njo wako na macho, Koko," Papa Kubuya akajibu, akijikuna kwapa. "Giza lote lile, na hawakose njia ya mugongo yangu." Lakini akarudisha plastiki juu ya dari. "Nikitoka ku msitu, kama wangali hapa, ninamwanga."

Hivyo ndivyo Koko alivyoanza kazi. Alitoa mikeka yote juani, akaipiga kwa fimbo kama mwizi wa mbuzi. Alifagia sakafu, akachekecha majivu laini na kuyapaka kila ufa, maana majivu yanamkausha kiroboto na hayamdhuru kobayi. Kobayi wenyewe waligaagaa ndani yake mpaka Madamu akafanana na mzuka. Alichemsha majani ya muravumba, akanyunyiza maji yake kwenye kuta, na mabaki akayatandika chini ya mikeka. Alifukiza nyumba kwa sitroneli mbichi, yaani mchaichai, mlango umefungwa, wote tukiwa nje tunakohoa, kobayi ndani ya kikapu chao kivulini. Jioni aliweka taa ndogo katikati ya sahani ya maji yenye sabuni, na viroboto wakaruka kuelekea mwanga wakazama, na mimi nikapewa kazi ya kuwazomea.

Walikwisha. Ninawaambia, walikwisha kabisa, tukabaki tunajikuna kwa mazoea tu. Riziki akarudi titini. Mama Riziki akamletea Koko ndizi, akaziweka mlangoni, na Koko akazipokea kwa mikono miwili.

Kisha Papa Kubuya akarudi kutoka msituni na nyama ya moshi mgongoni, Mersi mbele yake, ngo-ngo-ngo. Kesho yake viroboto walikuwa wamerudi.

Koko akaomba nafasi nyingine kabla ya ule unga, akaanza upya, majivu, muravumba, moshi. Wakaisha. Papa Kubuya akatoka, akarudi. Viroboto nao wakarudi. Mtoto mdogo hajui siasa, lakini anajua kuangalia. Nilimwona Mersi mchana ameketi mlangoni, mguu wa nyuma unakimbia shingoni mpaka njuga inalia peke yake, na nikaona kitu cheusi kinaruka kutoka kwake hadi kwenye mkeka wa Riziki. Nikafungua mdomo. Mama Riziki alikuwa karibu, angenisikia. Koko alinifinya paja kwa kucha mbili, nikameza sentensi yote na mate yake.

Nje, nyuma ya migomba, aliniambia: "Mugeni anabeba macho. Mudomo anauacha kwao."

"Lakini Koko, iko mbwa!"

"Ninajua iko mbwa. Nyumba iko ya nani?"

Sikumwelewa. Niliona tu kwamba Koko anaogopa, na jambo hilo liliniogopesha kuliko viroboto na vita pamoja.

Ikafika siku Riziki alipopata homa. Vidoa alivyojikuna vilikuwa vimetoa usaha, na Mama Riziki alimbeba tangu asubuhi akizunguka nyumba. Mwishoni akapanda juu ya kiti na kushusha plastiki ya unga mweupe yeye mwenyewe. Alikuwa analia.

"Koko, sikufukuze. Mungu anaona, sikufukuze. Lakini mutoto yangu anaisha."

"Nimesikia, mwanangu," Koko akasema. "Rudisha ile kitu juu. Kama iko kobayi, tutamaliza kobayi."

Aliniambia niende mtoni kuchota maji. Nilichukua bidon ndogo na nikaenda mbio kama mtoto asiye na habari, nikarudi nikakuta maji mengine yanachemka, na kikapu kiko wazi. Alikuwa amewachinja wote. Madamu alikuwa na watoto tumboni. Ndiyo maana alikuwa mnene, si kwa sababu ya ualimu. Koko aliwapika kwa chumvi na pilipili na majani ya kitunguu, akapakua sahani ya kwanza kwa Papa Kubuya, ya pili kwa Mama Riziki. Walikula. Walisema ni nyama tamu, na nadhani ilikuwa tamu, kwa maana walilamba vidole. Mimi niligeukia ukuta. Koko hakunibembeleza. Alikula sehemu yake yote, taratibu, mpaka mfupa, akatazama mbele.

Kisha Papa Kubuya na Mersi wakaenda msituni, na Koko akafagia kona ya kobayi, akaipaka majivu, akaufukiza muravumba kwa mara nyingine. Nyumba ikatulia. Hakuna kiroboto, hakuna kwii-kwii. Riziki akapona. Mimi nilimchukia Koko kimyakimya, nikilala nimempa mgongo katika mkeka mmoja ambao haukututosha hata tukikumbatiana.

Papa Kubuya akarudi kutoka msituni na Mersi. Jioni ile wote tukaketi kula bugali, Mersi akiwa sebuleni. Mama Riziki akajipiga kofi mguuni. Akaangalia kidole chake. Akainua mkeka wake, akainua wetu, akaenda kwenye kona yetu na kusimama pale. Kona ilikuwa nyeupe kwa majivu, tupu kama mfuko wangu. Njuga ikaanza kulia: ngo-ngo-ngo, ngo-ngo-ngo, mguu wa mbwa unakimbia shingoni. Papa Kubuya akaacha kutafuna. Koko aliendelea kumega bugali wake, macho kwenye sahani, kama mtu asiyesikia.

Asubuhi Papa Kubuya alikuja upande wetu, kofia mkononi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona bila kofia. Alikuwa na upara.

"Koko," alisema, "yale majani yako. Inaweza kuosha mbwa?"

"Inaweza, Baba. Uchemshe, uache ipoe. Usimutie mu macho."

Akamwosha mwenyewe mtoni, kwa mkono wake, mbwa wa kuwinda ananuka jiko. Safari iliyofuata hakuleta kitu, tukala sombe, majani ya muhogo, bila nyama, na hakuna aliyelalamika. Unga mweupe Mama Riziki aliutupa chooni. Tulikaa kwao mpaka nikajua Kinyanga, lugha yao, na Koko alizikwa kule kule, Papa Kubuya akichimba kaburi. Juu ya kobayi hatukuzungumza kamwe, si wao, si sisi.

Kwa miaka mingi nilidhani Koko alishindwa. Mpaka nilipokuwa na nyumba yangu, na wageni wangu waliokimbia, ambao wanasema "asante, Mama, tumeshiba" huku ninaona macho yao kwenye sufuria, ndipo nilipoelewa. Kusema "ni mbwa wako" kulikuwa ni kuomba njia, kujifukuza wenyewe. Basi alitoa nyumbani mle kila mnyama mwingine, akaacha mmoja tu, na nyumba ikasema yenyewe. Alikuwa mwanamke asiyejua kusoma, na aliandika barua ile kwa kisu.

Lakini kuna jambo lingine, na hilo nililiona kwa macho haya siku zilezile, bila kulielewa. Ilikuwa asubuhi baada ya kuwachinja. Nilikuwa nimenuna mlangoni. Koko akaja kutoka shamba la Mama Riziki, jembe begani, na kichwani fungu la nyasi mbichi, zile laini za kando ya maji, amezichagua vizuri, zinadondosha umande. Alifika mpaka kizingitini. Akasimama. Alisimama pale muda mrefu, mkono umeshika fungu kichwani, kama mtu aliyesahau jina la yule anayekwenda kumwita.