Mashavu ya Fundi Makochi

Mume wangu alianza kunenepa mashavu mwaka uleule suruali zilipoanza kumpwaya. Mkanda aliutoboa tundu jipya kwa msumari, lakini uso wake, kuanzia chini ya masikio mpaka pembe za taya, ulizidi kupanuka, upande wa kulia ukiongoza. Mtu ananenepa shavuni na kukonda kiunoni! Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Nilijua ipo nyumba nyingine anakokula.

Niseme mapema kwamba kazi yangu ni kukagua mifuko kwenye mlango wa kutokea wa duka kubwa. Kutwa nzima nasimama na kalamu, natazama risiti, natazama mfuko, natazama macho ya mwenye mfuko. Nalipwa kwa kutoamini watu, na kazi hiyo naiweza. Nikirudi nyumbani navua sare, macho yanabaki yaleyale.

Yeye anatengeneza makochi. Anabandua kitambaa kilichochakaa, anabadilisha sponji, kisha anavuta ngozi mpya juu ya mbao na kuipigilia misumari midogo. Misumari hiyo anaibana kwa meno, kumi au kumi na tano kwa mkupuo, maana mkono mmoja una nyundo na mwingine unavuta ngozi. Mteja akimwuliza jambo, anajibu "Mm." Ipo mm ya ndiyo, ipo ya hapana, ipo ya subiri kidogo, na wenzake wote pale karakana wanazijua. Tatizo ni kwamba hata nyumbani, mdomo ukiwa mtupu, jibu lilikuwa hilohilo.

"Mbona umechelewa?"

"Mm."

"Mm ya wapi?"

Anatazama sahani. Na chakula chenyewe alikuwa anadokoadokoa, nyama anaisukuma pembeni, anakunywa mchuzi tu. Dada yangu alipokuja kututembelea alimtazama kwa pembe ya jicho, akaninong'oneza jikoni, "Shemeji analishwa vizuri huko aliko." Nikacheka, lakini moyo ulikuwa unaniuma.

Kisha zikaja zile Jumanne mbili. Jumanne ya kwanza alirudi jioni shati likinukia karafuu. Ya pili, karafuu tena. Jikoni kwangu karafuu zilikuwa zimekwisha tangu mwezi uliopita, na kochi halinukii karafuu. Nikamwuliza mara moja, mara mbili, mara ya tatu nikapiga meza. Akanitazama, shavu likamcheza kidogo chini ya sikio, akaenda kulala.

Jumanne ya tatu niliomba ruhusa kazini, nikafunga kibwebwe. Nilimfuata kwa mbali kutoka karakana, mtaa hadi mtaa, nikijificha nyuma ya mwavuli ingawa hapakuwa na mvua wala jua. Akaingia jengo la ghorofa, akapanda ngazi. Nikahesabu mpaka hamsini, nikapanda. Juu kulikuwa na mlango mmoja tu ulio wazi. Ndani sauti ya mwanamke ilisema kwa upole, "Karibu fundi, leo umekuja mapema."

Nikaingia kama askari. "Kwa hiyo ndiye huyu!"

Watu sita waliokaa kwenye benchi waligeuka. Mmoja alikuwa ameshika shavu, mwingine ana pamba mdomoni. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya jino. Yule mwanamke alikuwa amevaa koti jeupe na glavu, umri wa mama yangu, na chumba kizima kilinukia karafuu. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Mume wangu hakushtuka wala hakukasirika. Alisogeza mfuko wake kwenye benchi ili nipate pa kukaa.

Mwanamke huyo, daktari wa meno, alituita wote wawili ndani. "Mama, amekueleza?"

"Huyu haelezi," nikasema. "Huyu ana mm."

Hapo ndipo fundi alipofungua mdomo. "Kaka alianza hivihivi," alisema, akitazama viatu vyake. "Uvimbe shavuni."

Kaka yake tulimzika kabla ya mtoto wetu wa mwisho kuzaliwa. Kumbe miezi yote ile nilipokuwa natafuta mwanamke, yeye alikuwa anajipapasa shavu na kuhesabu siku. Nilijionea aibu, na papo hapo nikamkasirikia kwa kunificha.

"Si ugonjwa wa kaka yake," daktari alidakia. "Nimempiga picha, nimempapasa. Hii ni nyama ya taya, msuli wa kutafunia. Msuli ukifanyishwa kazi kupita kiasi unakua, kama mkono wa mpiga nyundo." Akanionyesha meno ya mume wangu kwa kioo kidogo: ya nyuma yamelika, bapa kama kisigino cha kiatu cha zamani. Moja lilikuwa limepata ufa, ndilo lililokuwa linatiwa dawa yenye karafuu. "Wengine ni kutafuna jojo kutwa, wengine kusaga meno usingizini. Wengine wanauma meno mchana kwa mawazo, wala hawajijui. Huyu misumari anaiacha kazini, lakini taya linaendelea kuishika."

"Na dawa?"

"Misumari akaiweke kwenye kikopo kiunoni. Usiku avae kifaa cha plastiki kati ya meno. Kitambaa cha moto shavuni, vyakula vigumu aviache kwa muda. Na mchana akumbuke: midomo ikutane, meno yaachane. Ikishindikana ipo sindano ya kulegeza msuli, lakini nguvu yake inakwisha baada ya miezi, na asipoacha kuuma meno tutarudi palepale." Kisha akaniangalia. "Kitu gani kinamfanya aume meno nyumbani?"

"Mimi nitajuaje?"

Alichukua kiganja changu, akakiweka kwenye shavu la mume wangu. Lilikuwa laini, la moto kidogo. "Ongea naye kama mnavyoongea siku zote."

Kichwa kilikuwa kitupu. Likanitoka lililozoea kutoka. "Jumanne iliyopita ulikuwa wapi?"

Nyama iliruka chini ya vidole vyangu, ikakaza ikawa jiwe. Sikuweza kumtazama yeyote.

Wiki iliyofuata alichelewa saa nzima. Nilimpakulia chakula, nikamwuliza habari za kazi. Swali lenyewe nikalibana kwa meno.

Aliweka kijiko chini. "Uliza tu," alisema. "Naona umeuma meno."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kununua sindano nene za ngozi. Waliniuzia butu, nikarudi kuzibadilisha, nikakuta wamefunga kwa chakula cha mchana, nikakaa kibarazani kuwasubiri, kazi ikachelewa."

Katika miaka yetu yote sijamsikia akisema maneno mengi hivyo kwa pumzi moja. Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka kudai risiti. Nikaupeleka juu, nikamshika shavu.

Lilikuwa laini.