Sikio la Kushoto la Binti Yangu

Watu wa bonde hili tunajisifu kwamba tunajua kulima. Hatusemi watoto tulikuwa tunawaacha na nani. Masika yakiingia, baba na mama walihamia mbugani, ng'ambo ya mto, wakaishi kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya maji, mpaka mavuno. Mtoto wa shule alibaki mjini Ifakara na mchele, dagaa na ufunguo. Miezi minne, mitano. Hakuna aliyetushangaa, maana kila nyumba ilifanya hivyo, na mimi nilijificha nyuma ya hiyo "kila nyumba" kwa miaka mingi.

Binti yangu alikuwa darasa la tano. Mpunga ulikuwa umeanza kutia maziwa, wakati ambao kwelea wakikukuta umelala asubuhi moja tu, basi, umekwisha. Mimi na mume wangu tulipokezana kuwinga ndege, tukipiga madebe na makelele tangu alfajiri mpaka jua linazama. Daraja lilikuwa bado halijajengwa. Jirani mmoja aliyevuka kwa mtumbwi kutuletea chumvi akaniambia, "Mama, mwanao anaumwa sikio. Linatoa usaha, na mwili wa moto. Anakuulizia."

"Mwambie anywe uji apumzike," nikamjibu. "Ndege wakipungua nakuja."

Ndege hawakupungua. Nilikwenda baada ya wiki tatu. Nilimkuta amekonda, kitambaa kimefungwa kichwani, anafua sare yake. Akaniambia shikamoo, akaendelea kufua. Hospitalini daktari aliniuliza nilikuwa wapi, nikasema shamba, kwa sauti ya mtu mwenye sababu nzuri. Sikio la kushoto halikusikia tena.

Mpunga wa mwaka ule ulikuwa mzuri kupita miaka yote, na niseme ukweli, nilifurahi. Mume wangu alikufa akiamini ile ilikuwa bahati mbaya tu. Namwonea wivu.

Binti yangu sasa anaishi Kiberege, ana watoto wawili, analima nyuma ya nyumba yake na habari za mbugani hataki hata kuzisikia. Mwaka jana nikafunga safari kwenda kumwomba msamaha, maana nimezeeka na jambo hili linaninyima usingizi. Nilimkuta uani anachambua mchele. Kwa jirani mashine ya kukoboa ilikuwa inanguruma. Nikakaa ubavuni kwake, nikainamisha kichwa, nikayatoa yote: ndege, chumvi, uji, wiki tatu. Nikalia. Nilipomaliza, yeye alikuwa bado anachambua. Nikakasirika. Ndiyo, mimi ndiye niliyekasirika.

Ndipo akageuka akauona uso wangu. "Mama, kumbe ulikuwa unaongea? Umekaa upande mbovu."

Nilikuwa nimekaa kushoto kwake. Miaka yote hiyo najiita mwenye majuto, na sikukumbuka hata ni sikio lipi.

Nikahamia upande wa pili, nikasema tena, kwa maneno machache kwa sababu aibu ilikuwa imenikausha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo nilishayamaliza, mama," akasema. "Zamani, nikiwa darasa la sita. Mwaka uliofuata mlipokwenda tena, nilikaa pale ndani nikaona nikiendelea kukuchukia sitaweza hata kusoma. Nikakusamehe. Sasa naomba usinirudishe huko."

Mwaka uliofuata. Katika kuomba kwangu kote sikuutaja, kwa kuwa nilikuwa nimeusahau. Sikio lile lilikuwa limeshakufa, na bado tulimpa ufunguo tukavuka mto.

Sikuomba tena, wala sitaomba. Msamaha nilioufuata Kiberege nilishapewa siku nyingi, na aliyenipa alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, peke yake ndani ya nyumba, mimi nikiwa ng'ambo nafukuza ndege.