Ndege Aliyeshika Pumzi ya Nyumba

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ya mtaa wa Bulla Pesa ilikuwa na ndege aliyechunguzwa kuliko sisi watoto. Alikuwa kasuku mdogo wa kijivu, mwenye kishungi kichwani na mashavu ya rangi ya machungwa. Ukubwani ndipo nilipojua anaitwa kokateli. Daktari Mzungu wa mifugo alimwachia baba, karani wake, aliporudi kwao.

Bibi yangu, mama yake baba, tuliyemwita Akko kwa Kiborana, aliamini kwamba ndege wa ndani hushika pumzi ya nyumba: ikitaka kutoka, hupitia kwake kwanza. Kwa hiyo kila asubuhi alimkagua kama ndama. Aliangalia kinyesi, kama ni kizito au maji. Aliangalia kama amesinzia kwa mguu mmoja, jinsi ndege mzima anavyosinzia, au kwa miwili.

"Huyu ni mwongo," aliniambia. "Ng'ombe akiumwa atakuonyesha. Ndege anaficha mpaka ashindwe. Mwangalie wakati hajui unamwangalia."

Ilikuwa miaka ya Shifta, waasi waliopigana na serikali. Jua likishatua hakuna aliyeruhusiwa nje, na askari hawakuuliza mara mbili. Kwa kawaida mama alipikia uani mapema. Jioni moja mvua ilimkatiza, akaingiza jiko la makaa ndani. Baba alifunga dirisha na kuziba nyufa kwa magunia ili mwanga usionekane. Tukasubiri ugali. Dada yangu mchanga, Sadia, alikuwa amelala karibu na jiko. Kichwa kilianza kuniuma.

Akko aliinuka akasogelea tundu la ndege. Ndege alikuwa ameshuka chini, manyoya yamefura, macho yamefumba nusu. Mkia ulipanda na kushuka kwa kila pumzi.

"Tokeni," akasema.

"Mama, askari wako hapo njiani," baba akajibu.

"Huyu anahema kwa mkia. Pumzi inatoka humu ndani."

"Amepata baridi tu."

"Mzungu alikuachia ndege, Guyo. Akili hakukuachia? Toa watoto."

Baba hakusogea. Akko alimnyanyua Sadia, na kichwa cha mtoto kikaanguka nyuma kama kitambaa kilicholowa. Baba alipoona hivyo alifungua mlango mwenyewe.

Tuliketi matopeni, migongo ukutani, baba ameinua mikono juu asije akadhaniwa shifta. Akko alimpulizia Sadia usoni, akimwita jina polepole. Sijui ilichukua muda gani. Hatimaye mtoto alikohoa, akalia, na mama akamnyamazisha kwa titi.

Ndege alikufa kabla ya asubuhi. Akko alisema ametoa pumzi yake badala ya yetu.

Chuo kikuu nilijifunza juu ya hewa ya sumu ya makaa, isiyoonekana wala kunuka, na kwa nini ndege huzidiwa kabla ya watu. Maelezo hayo ni sahihi. Hayajapunguza mshangao wangu hata kidogo: mwanamke asiyejua kusoma alikiona kifo chumbani kwa sababu kila siku alimtazama kiumbe mmoja kwa makini.

Mwaka jana mke wangu alianza kusimama kidogo kati ya jikoni na mlangoni, mkono ukutani. Nilimuuliza. Akasema ni uchovu, nikarudi kwenye gazeti langu. Ulikuwa moyo; tulimzika kabla ya mwaka kwisha. Akko hangeuliza, angeketi akamtazama anavyovuta pumzi. Mimi niliuliza, nikaridhika na jibu.